Ndoo, Tini!

Mama watoto alitaka vitu vitatu: utulivu, bahari, na kitanda kisicholia. Mimi nilitaka kimoja, bei. Na kwa kuwa simu ya kutafuta chumba ilikuwa mkononi mwangu, mnaweza kukisia nani alishinda.

Ilikuwa mwezi wa Mei. Sisi ni watu wa Voi, vumbi tunalo la kutosha, bahari tunaiona kwa nadra. Nikapiga simu Shela, kijiji cha ufuoni kisiwani Lamu, wakanitajia shilingi 3,000 kwa usiku. Nikapiga pengine hukohuko, nikaambiwa wamefunga mpaka Julai. Nikapiga mji wa Lamu wenyewe, mtaa wa Langoni, kijana akaniambia kipo chumba cha juu kabisa, chenye upepo, makuti, unaona bahari ukiwa kitandani: shilingi 1,200. Nikamwambia kifunge hicho chumba, kisitoke.

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini nyumba zinafungwa mwezi wa Mei na kwa nini chumba chenye kuona bahari kina bei ya sahani mbili za biriani. Mimi nilijisifu tu. Nikamweleza mama watoto kwamba Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001, vichochoro vyake magari hayapiti, utulivu gani mwingine anautaka?

"Na ufuo?"

"Ufuo uko Shela. Kilomita tatu. Tutatembea, bure."

Hilo la ufuo naomba niliseme wazi kwa faida ya wengine: mji wa Lamu hauna pa kuogelea. Mbele ya mji kuna gati, mashua, punda wanaoshusha mawe na mchanga, na watu waliokaa wakikutazama unavyotafuta mahali pa kutandika kanga. Mchanga mweupe mnaouona kwenye picha unaanzia Shela.

Basi la kutoka Mombasa lilitutikisa kutwa nzima, Malindi, Garsen, Witu, huku tukitoa vitambulisho vizuizini mpaka changu kikaanza kulainika. Mokowe tukapanda boti. Langoni tukapokewa na bibi mwenye nyumba, amekaa dakani, kwenye baraza ya mlangoni, na tasbihi yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

Nyumba ilikuwa nzuri, sikatai. Kuta nene za mawe ya matumbawe, zidaka, yaani vishubaka, ukutani, vyumba virefu vyembamba kwa sababu upana wa chumba ni urefu wa boriti ya mkoko, na mkoko haurefuki kwa kuwa wewe una mizigo. Tukapanda ngazi. Tukapanda tena. Juu kabisa, kwenye paa la sakafu, ndipo lilipokuwa banda letu: nguzo nne, makuti yaliyozeeka, pazia badala ya ukuta upande mmoja. Bahari kweli ilionekana. Na mbingu pia, kupitia makuti. Pembeni kulikuwa na ndoo mbili tupu na mikebe mitatu ya maziwa. Mama watoto akaitazama, akanitazama mimi, hakusema neno.

Kesho yake tukatembea hadi Shela. Kwenda, maji yalikuwa yamekupwa, tukapita pwani kwa raha zetu. Nikamwonyesha: unaona? Elfu moja na mia nane tumeokoa kabla ya chakula cha mchana. Ila sikujua kama ni bamvua, mwezi umekamilika, na bamvua maji yakijaa yanajaa kweli. Jioni tuliporudi njia haikuwapo. Palipokuwa mchanga pana mawimbi yanagonga kuta za nyumba za watu. Nikakunja suruali nikaingia. Hatua ya tano wimbi likanifika kiunoni, kiatu kimoja kikaenda zake kisiwa cha Manda. Tukachukua boti peke yetu, shilingi 1,000, pamoja na ushauri wa bure wa nahodha kuhusu watu wa bara na bahari. Hesabu yangu ya kuokoa pesa niliiacha humohumo botini.

Usiku ule, punda mmoja akaanza kulia kichochoroni. Akajibiwa na wa mtaa wa pili. Wakazungumza mambo yao hadi saa saba. Walipomaliza, masika ikapokea.

Haikuanza kwa manyunyu. Kusi iliisukuma mvua ikaja kwa ubavu, ikapita chini ya pazia, ikapita juu ya makuti, ikapita katikati. Nikaruka nikatega ndoo moja miguuni pa kitanda, nyingine kichwani pake. Na hapo ndipo nikasikia sauti ya bibi kutoka chini, kwenye giza la ngazi:

"Ndoo, mwanangu! Ndoo tini!"

Nikasema moyoni, bibi huyu ana huruma, ananikumbusha. Nikamjibu kwa nguvu: "Ndoo nimeshaweka, bibi!"

"Ndoo tini!"

Tini. Nikaangaza macho, nikaiona mikebe ya maziwa. Kweli bwana, tini! Nikaipanga yote mitatu chini ya matundu makubwa. Nguo zimenigandama, meno yanagongana, lakini kazi inakwenda.

"Tini pia tayari, bibi!"

Kimya kidogo. Kisha, kwa sauti ya mtu anayekata tamaa: "Wata! Wata ndoo, ndoo tini!"

Hapo nikastaajabu. Kumbe bibi wa Langoni anajua mpaka Kizungu! Wata si ni maji? Maji, ndoo, tini: anataka nishuke na maji niliyokinga. Nikabeba ndoo mbili zilizojaa nusu, mkebe mmoja nimeuma kwa meno, nikashuka ngazi kinyumenyume.

Chini nikakuta taa ya karabai, bibi, binti yake, wajukuu wawili, na mama watoto amekaa juu ya jamvi, mkavu, amejifunga shuka, anakunywa chai ya tangawizi. Alikuwa ameshuka tangu tone la kwanza.

Bibi akaniangalia. Akaangalia ndoo. Akaangalia mkebe mdomoni. Akashika mbavu, akaita wengine waliokuwa chumba cha ndani: "Ndooni! Ndooni muteke!"

Sasa amri hii niliielewa bila shida yoyote. Ndoo, kuteka. Nikapita katikati yao hadi uani kwenye kisima, nikatupa kamba mvuani, nikaanza kuteka maji. Nilijaza ndoo ya kwanza. Nilijaza ya pili. Nilikuwa naulizia ya tatu ndipo mjukuu mmoja, kijana wa sekondari, alipokuja akanishika bega huku machozi yanamtoka.

"Baba, bibi anasema Kiamu, Kiswahili cha hapa Lamu. Ndoo ni njoo. Tini ni chini. Wata ni wacha."

"Na muteke?"

"Mcheke."

Nikasimama pale na kamba mkononi, mvua inaninyeshea. Nyumba nzima ilikuwa inateka, na si maji.

Nilipopewa shuka na chai nikamuuliza mama watoto kwa nini hakuniita. Akasema aliniona nina shughuli.

Siku mbili zilizobaki tulilala chumba cha chini, kwa bei ileile, kitanda hakikulia. Kila mtu wa mtaa aliyenipita alinisalimu kwa upole wa kupita kiasi, na muuza mahamri aliniuliza kama nataka yafungwe kwenye karatasi au kwenye ndoo.

Asubuhi ya kuondoka nikaenda dakani kulipa. Usiku nne, shilingi 4,800. Bibi akahesabu noti moja moja, akanirudishia mia tatu.

"Za nini, bibi?"

"Za mai uliyoteka."

Mama watoto akazipokea kabla mkono wangu haujafika. Alisema ni za kuanzia akiba ya chumba cha Shela.