Anguilla imeokota dodo chini ya mwarobaini

Tanzania ina .tz, Kenya ina .ke, na Anguilla, kisiwa cha Uingereza katika Karibiani, iliangukiwa na .ai. Ilipopewa herufi hizo mwaka 1995 hakuna aliyewaza akili mnemba, ambayo kwa Kiingereza hufupishwa AI. ChatGPT ikaja mwishoni mwa 2022, na kila kampuni iliyotaka kuonekana ya kisasa ikazitaka herufi hizo mwishoni mwa anwani yake. Anwani zilizosajiliwa zikapanda kutoka 144,000 mwaka 2022 hadi 354,000 mwaka 2023. Mwaka 2024 Hazina ya kisiwa ilivuna kutokana na anwani hizo dola milioni 105.5 za Karibiani Mashariki, kama dola milioni 39 za Marekani. Hiyo ilikuwa asilimia 23 ya mapato yote ya serikali.

Na kisiwa chenyewe kina kilomita za mraba 91 tu; Mafia inakizidi zaidi ya mara nne. Wakazi ni kama 16,000. Ukigawa fedha za mwaka huo kwa kila kichwa, kitoto kichanga nacho kikihesabiwa, unapata takriban dola 2,400 za Marekani. Basi ubishi uliopo unaeleweka: zitumike sasa kuwapunguzia watu makali ya maisha, au ziwekwe?

Wanaotaka ziwekwe wana ushahidi mzito, na ushahidi huo ni utalii wenyewe. Anguilla imejijenga kwa wageni wachache wenye fedha nyingi. Msimu ni Desemba hadi Aprili. Kati ya Agosti na Oktoba, miezi ya vimbunga, hoteli kubwa hufunga milango. Kwa miaka mingi wengi wa wageni hao wameshukia uwanja wa Princess Juliana ulioko kisiwa jirani, Sint Maarten, kisha wakavuka kwa boti. Ndege ya moja kwa moja kutoka Miami ilianza Desemba 2021 tu. Kwa hiyo kimbunga Irma kilipopiga Septemba 6, 2017, pigo lilikuwa mara mbili: hoteli zilibomoka, na uwanja wa jirani unaoleta wageni ukabomoka pia. Hoteli ya Four Seasons ilifunguliwa tena Machi 2018. Ile ya Cap Juluca ilisubiri hadi Desemba, yaani msimu mzima ulipotea. Uingereza ilitoa pauni milioni 60 za kujenga upya shule, hospitali na bandari. Miaka miwili na kitu baadaye ikaja korona.

Fedha za .ai hazijui kimbunga, hasa baada ya Oktoba 2024, serikali ilipoingia mkataba na kampuni ya Identity Digital, na mitambo ya kuendesha anwani hizo ikahamishiwa kwenye mtandao wa seva zilizotawanyika duniani. Lakini zina udhaifu wake. Mwaka 2024 bei ya jumla, wanayolipa wauzaji wa anwani, ilikuwa dola 140 kwa miaka miwili, na huwezi kulipia mwaka mmoja. Maana yake ni kwamba fedha huingia kwa mawimbi: aliyesajili 2024 hadaiwi tena hadi 2026. Ikiwa nusu ya kampuni zilizofunguliwa kwa pupa zitakuwa zimekufa, Hazina haitaliona pengo siku zinapokufa, italiona siku ya kulipia upya. Ni kinyume cha hoteli, ambako vyumba vikiwa vitupu unajua jioni ileile.

Upande wa pili haupaswi kubezwa. Anguilla haitozi kodi ya mapato ya mtu binafsi, na karibu kila kinacholiwa huletwa kwa meli, kwa hiyo mzigo huangukia ushuru wa forodha na kodi za matumizi. Julai 2022 iliongezwa GST, kodi ya bidhaa na huduma ya asilimia 13. Tajiri wa hotelini haisikii. Mpishi wake anaisikia kila anapokwenda dukani. Kodi hiyo ilikuwa hoja kubwa kuelekea uchaguzi wa Februari 2025, ambao Cora Richardson-Hodge alishinda na kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza serikali ya kisiwa. Anayesema "tumeokota dodo, kwa nini tuendelee kufunga mkanda?" hasemi upuuzi.

Kuna jambo jingine linalowapa nguvu watu wa upande huu. Dola ya mtalii hupita mikononi mwa wengi: mhudumu, mvuvi wa kamba, dereva wa teksi, mwenye boti, ingawa kipande kikubwa huvuja nje ya kisiwa kwenda kwa wenye hoteli na wauza chakula. Dola ya .ai haina njia hizo. Inaingia Hazina moja kwa moja, haiajiri karibu mtu yeyote kisiwani. Serikali isipoitoa, kwa kupunguza kodi au kwa matibabu na shule, mwananchi ataisoma magazetini tu.

Kisha kuna London. Gavana huteuliwa na Mfalme, naye ndiye mwenye polisi, mambo ya nje na utumishi wa umma. Kiongozi wa serikali, aitwaye Premier, huongoza mawaziri wanaotoka kwenye Baraza lenye wajumbe 11 wa kuchaguliwa: 7 wa majimbo na 4 wa kisiwa kizima. Bajeti hupitia jicho la Uingereza, na ile ya 2011 ilikwama kwa muda ikisubiri idhini. Kukopa nako kuna vipimo vitatu: deni halisi lisizidi asilimia 80 ya mapato ya kawaida ya mwaka, malipo ya deni yasizidi asilimia 10 ya mapato hayo, akiba isipungue asilimia 25 ya matumizi ya kawaida. Wengi kisiwani huviona ni pingu. Lakini mwaka 2013 benki mbili za wazawa zilichukuliwa na Benki Kuu ya Karibiani Mashariki, na 2016 serikali ikabeba deni kubwa ili kuwalinda wenye amana. Pingu hizo hazikutoka hewani.

Ajabu ni kwamba vipimo hivyo sasa vinaweza kulegeza kile vilichowekewa kukaza. Fanya hesabu. Ikiwa milioni 105.5 ni asilimia 23, mapato yote ni kama milioni 459 za Karibiani Mashariki. Tukiyachukulia yote kuwa ya kawaida, ukomo wa deni ni milioni 367. Toa .ai, ukomo unashuka hadi milioni 283 hivi. Hiyo tofauti ya milioni 84 ni nafasi ya kukopa iliyozaliwa na mtindo wa majina ya tovuti. Serikali ikiitumia yote, halafu anwani zikapungua, itajikuta juu ya ukomo bila kukopa senti nyingine, na haina sarafu ya kushusha thamani: dola ya Karibiani Mashariki imefungwa kwa 2.70 kwa dola ya Marekani tangu 1976.

Kwa hiyo kosa haliko kwenye kutumia, liko kwenye kuziita fedha hizi mapato ya kawaida. Kulipa deni la 2016, kurefusha njia ya ndege ili kisiwa kisitegemee uwanja wa jirani, kujaza akiba ya vimbunga: hayo hufanyika mara moja, na .ai ikikauka hayarudi nyuma. Kufuta GST moja kwa moja ni jambo jingine, kwa sababu kuirudisha ni kazi ngumu kuliko kuianzisha, na hakuna mwanasiasa atakayejitolea. Nafuu ya kati ipo: kuondoa kodi kwenye mahitaji ya kila siku ya nyumbani na kuiacha hotelini, ambako wanaolipa wengi ni wageni.

Tuvalu nayo iliwahi kuokota, kwa .tv. Kwa miaka mingi ilipokea malipo ya kudumu ya dola milioni chache kwa mwaka huku biashara ikikua mikononi mwa wengine. Anguilla imekwepa mtego huo, kwa kuwa sehemu kubwa ya kila dola inabaki kwake. Jibu la kama wateja wa 2024 watabaki litaonekana kwenye malipo ya 2026, na bajeti inayopangwa kabla ya hapo inapangwa gizani.