Barafu Huishiwa Nguvu Kabla ya Kuyeyuka

Jengo likipasuka Siberia au Alaska, habari huandikwa kwa mtindo uleule: tabianchi imebadilika, barafu ya ardhini imeyeyuka, jengo limezama. Si uongo. Tangu 1979 eneo la Aktiki limepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Ila kuna upande mwingine unaoachwa, nao ndio ulio mikononi mwa binadamu: majengo yenyewe, mabomba yake ya maji, na theluji inayosukumwa mahali pasipofaa. Vyote hivyo huipasha moto ardhi iliyotakiwa kubaki baridi.

Ardhi hiyo huitwa pemafrosti, yaani udongo au mwamba uliobaki chini ya sifuri kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Juu yake kuna tabaka jembamba linaloyeyuka kila kiangazi na kuganda tena. Nyumba nyingi za huko husimama juu ya nguzo zilizopita tabaka hilo. Hutobolewa shimo la mita 10 au zaidi, nguzo ya chuma huingizwa, kisha nafasi inayobaki hujazwa tope la mchanga na maji, likaachwa ligande. Isipofika kwenye mwamba, nguzo hiyo hubebwa zaidi na barafu iliyoikamata ubavuni. Barafu ndiyo saruji yake.

Na saruji hiyo ina tabia mbaya. Udongo wa nyuzi -4 hushika sawasawa. Ukifika nyuzi -1, hasa ukiwa wa mfinyanzi, sehemu ya maji yaliyomo huwa haijaganda, na nguzo iliyobeba mzigo huanza kuteleza polepole, milimita kwa milimita, mwaka hadi mwaka. Pwani, ambako udongo una chumvi, hali huharibika mapema zaidi. Kwa hiyo kuuliza kama barafu imeyeyuka ni kuchelewa. Swali la maana ni hili: mita tano chini ni nyuzi ngapi, na mwaka jana mwezi kama huu zilikuwa ngapi? Tena kipimo cha Agosti peke yake hudanganya, kwa sababu joto la kiangazi huchukua miezi kushuka mita hizo. Huko chini, joto kali la mwaka hufika wakati juu theluji imeshaanguka.

Tarehe 29 Mei 2020, karibu na Norilsk nchini Urusi, tangi la akiba la kituo cha umeme lilipasuka na tani zipatazo 21,000 za dizeli zikamwagika, nyingi zikaingia mtoni. Kampuni yenye tangi hilo ilitaja kuyeyuka kwa pemafrosti. Uchunguzi wa serikali ulitaja pia kasoro za usanifu, ujenzi na usimamizi. Mahakama iliiamuru kampuni ilipe fidia ya rubo bilioni 146. Mimi nasoma hivi: ardhi ilibadilika, lakini tangi lililojengwa mwaka 1985 lilihitaji mtu wa kuipima ardhi iliyo chini yake, sawa na anavyopima unene wa bati lake.

Turudi kwenye nyumba za kawaida. Sakafu huinuliwa, kwa kawaida kama mita moja, ili upepo wa baridi upite chini na kuondoa joto la vyumbani. Halafu wenye nyumba huanza kuitumia nafasi hiyo kama stoo: maboksi, mbao, pikipiki ya theluji. Wengine huziba pembeni kwa mbao ili sakafu isiwe baridi miguuni, na katapila la manispaa linalosafisha barabara huacha ukuta wa theluji unaomalizia kazi. Theluji ni blanketi. Ikirundikwa hapo, baridi ya Januari haiingii ardhini, na baridi ya Januari ndiyo chakula cha msingi huo.

Kibaya kuliko vyote ni bomba la majitaka linalovuja chini ya sakafu. Maji ya bafuni huingia ardhini na joto lake, huchimba kishimo kuzunguka nguzo, na kishimo hicho hukusanya maji ya mvua inayofuata. Ndani ya nyumba dalili ya kwanza ni ndogo: mlango wa chumba kimoja unaanza kugoma kufunga. Wengi humwita seremala arande mlango. Anayepaswa kuitwa ni fundi bomba.

Kuna vifaa vya kusaidia. Bomba la mafuta linalokatiza Alaska, lililokamilika 1977, lina urefu wa kilomita zipatazo 1,287, na zaidi ya nusu yake limeinuliwa juu ya nguzo. Nguzo nyingi zina mirija miwili iliyofungwa yenye amonia. Hewa ikiwa baridi kuliko ardhi, amonia hupokea joto chini, hugeuka mvuke, hupanda, hupoa kwenye mapezi ya chuma juu, kisha hurudi chini ikiwa kimiminika. Haitumii umeme wala pampu. Ila majira ya joto mrija hulala, kwani juu kuna joto kuliko chini. Majira ya baridi yakifupika, siku zake za kazi hupungua, na hapo ndipo sipendi unavyouzwa kama dawa ya kila kitu.

Barabarani kanuni ni moja: usikate ardhi, jaza juu yake. Ukivua nyasi na kuvumwani umeondoa kihami cha bure, yaani kinga inayozuia joto lisishuke ardhini. Barabara ya Inuvik hadi Tuktoyaktuk huko Kanada, iliyofunguliwa Novemba 2017, ilijengwa hivyo: tuta lilimwagwa juu ya kitambaa maalumu, kazi kubwa ikifanywa wakati wa baridi ardhi ikiwa ngumu. Matuta kama hayo huanza kuharibika pembeni. Theluji iliyosukumwa hulala kwenye mteremko, maji husimama chini yake, bega la barabara hushuka na nyufa ndefu hujitokeza sambamba na barabara. Kalvati iliyoziba kwa barafu wakati theluji inayeyuka hufanya hivyohivyo kwa siku chache tu.

Kanada ilitoa mwaka 2014 kiwango cha CSA S501 (CSA ni shirika la viwango la nchi hiyo), kinachohusu majengo yaliyopo ambayo ardhi yake inaharibika. Ningetaka wafadhili waanzie hapo kabla ya kuzindua miradi mipya. Kazi yenyewe haina utepe wa kukata: waya wa vipimajoto kwenye shimo la mita 15, unaosomwa kila mwezi, mabomba yakaguliwe kabla ya baridi kuanza, chini ya sakafu pawe patupu. Kwa nyumba zenye jeki za skrubu juu ya nguzo, usawa upimwe Septemba, wakati tabaka la juu limeyeyuka hadi mwisho wake. Ukipima Aprili, ardhi imeganda na kuvimba, utasawazisha nyumba kwa kosa la msimu.