Sheria ya fayawoli isiyo na mwenyewe: tuandike kwa mkono au tuitoe kwenye faili moja?

Hapa Mombasa mafundi wa mtandao tumegawanyika mafungu mawili na kila fungu linaliona jingine limepotea. Fungu la kwanza linasema sheria za fayawoli, yule mlinzi wa mtandao anayeamua nini kipite na nini kizuiwe, ziandikwe mahali pamoja, kwenye mafaili ya sera, halafu programu kama Capirca ya Google ikutolee yenyewe sheria za Cisco, za Juniper, za iptables ya Linux na za Palo Alto, kila kifaa kwa lugha yake. Fungu la pili wanacheka, kwao huo ni urembo wa matajiri, ofisi ina ruta mbili na sava tatu, wewe ingia, andika, toka. Mie nlikuwa fungu la pili kitambo na sioni haya kusema, lakini siku hizi nikiwasikia wenzangu wanavyolipinga hilo faili naona wanapigana na kivuli, wao wanadhani sie tunatafuta haraka.

Haraka si kitu bwana. Anayeijua Cisco anakuandikia mistari kumi na chai yake haijapoa.

Kilichonigeuza ni ofisi moja ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini, jina silitaji. Niliitwa kubadilisha fayawoli nikakuta sheria inafungua poti 3389, ile ya kuingilia kompyuta ya Windows ukiwa mbali, kutoka anwani moja ya nje mpaka kwenye sava ya hesabu. Nikauliza, hii ya nani? Mhasibu hajui. Meneja akasema muulizeni fundi wa mwanzo, fundi wa mwanzo yuko Qatar, akapigiwa, akasema na yeye aliikuta. Na mie mjanja nilifanya nini? Nikaihamisha vilevile kwenye fayawoli mpya! Kwa sababu nikiifuta na karatasi za mzigo zikakwama, kontena likalala bandarini na storage, ile ada ya kulaza mzigo, ikaanza kuhesabiwa, lawama zote zangu, nikiiacha hakuna atakayeniuliza kitu.

Hapo ndo nataka tukae kidogo. Anwani za nje nyingi ni za kukodi kwa kampuni ya intaneti, kontrakta akihama au akifunga duka anwani yake anapewa mteja mwingine, yaani ule mlango uliomfungulia jamaa yako leo uko wazi kwa yeyote aliyehamia pale, humjui, hakujui, na sheria yako bado inamkaribisha. Na sheria kama hizo huongezeka tu hazipungui, maana kuongeza kuna mtu anakusukuma, anataka kazi yake iende, kufuta hakuna anayekusukuma. Avishai Wool wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv alichapisha utafiti mwaka 2004 akiwa amechungulia fayawoli 37 za makampuni ya kweli, akakuta kadiri sheria zilivyokuwa nyingi na zimesokotana ndivyo makosa yalivyozidi. Wale mafundi hawakuwa wajinga. Walikuwa kama mie na ile 3389.

Sasa kwenye faili la sera huandiki namba, unaandika jina, mathalan SAVA_HESABU, na maana ya hilo jina iko faili la pembeni, sava ikihama unabadilisha mstari mmoja na vifaa vyote vinaletewa sheria mpya. Sheria yenyewe unaiandikia jina la mwenye nayo kwa neno "owner" na unaipa siku ya kufa kwa neno "expiration". Tarehe ikipita Capirca haiitoi tena hiyo sheria, na wiki mbili kabla huanza kukuonya. Ukiandika sheria ambayo imeshafunikwa na nyingine juu yake inaweza kukuambia pia, na faili likikaa ndani ya git, daftari la kuweka kumbukumbu za mabadiliko, kila mstari una siku yake na jina la aliyeuweka. Lile swali la "hii ya nani?" linakuwa na jibu hata kama fundi yuko Qatar.

Mtaniambia mbona Cisco nayo ina remark, unaandika maelezo palepale. Ndio ina, na ina hata time-range ya kuipa sheria muda wake, mie tangu nianze kazi sijaona ofisi hata moja mji huu inayoitumia. Ila niseme na hili maana wauzaji hawalisemi: ile tarehe iko kwenye faili, kwenye ruta haiko. Usipoiendesha programu upya na kupeleka matokeo, sheria iliyokufa kwenye karatasi inaendelea kuishi kwenye ruta raha mustarehe. Iwekee kron, yaani ratiba ya kompyuta kuiendesha yenyewe, ama usijidanganye.

Kuna na mambo madogo yanayotuumiza kila siku, nayapita haraka. Kutaja ukubwa uleule wa mtandao, ACL ya Cisco, ile orodha ya sheria kwenye ruta, inataka 0.0.0.255, ASA, fayawoli ya Cisco hiyohiyo, inataka 255.255.255.0, Juniper inataka /24 basi. Mwisho wa ACL ya Cisco pana katazo la kimyakimya la kila kisichotajwa, iptables ukiikuta kama ilivyo inapitisha kila kitu mpaka uiambie isipitishe. Mtu anayeruka baina ya hizo tatu saa tano usiku atakosea tu, hata akiwa bingwa.

Haya, wa upande wa pili nao wana lao, na silidharau. Tarehe 3 Machi 2013 Cloudflare, kampuni inayokinga tovuti za watu, walikuwa wanazuia shambulizi, chombo chao kikawaambia pakiti za adui, yaani vifurushi vya data, zina ukubwa wa kati ya baiti 99,971 na 99,985. Pakiti ya IP mwisho wake baiti 65,535! Sheria ikaandikwa hivyohivyo, ikasambazwa kwenye ruta zao za Juniper dunia nzima kwa mpigo mmoja, ruta zikala memori mpaka zikaanguka, vituo 23 vyote nje kwa kama saa nzima. Rafiki yangu mmoja wa Mikindani hii hadithi anaipenda sana, anasema anayeandika kwa mkono huua ruta moja, nyie mnaua zote. Namjibu kwamba Capirca haipeleki chochote popote, inakutolea maandishi tu, kupeleka ni kazi yako, na unaweza kuanza na kifaa kimoja ukangoja uone. Lakini ana haki, kosa likiwa ndani ya faili la pamoja linafika kila mahali.

La pili lao ni zito zaidi kwangu. Tafsiri hupoteza. Palo Alto inatambua programu yenyewe inayopita, ACL ya kawaida ya Cisco haikumbuki nani alianza mazungumzo na nani, ukiiambia "established" (pitisha mazungumzo yaliyokwisha anza) inaangalia tu kama pakiti ina alama ya ACK au RST, na iptables inakumbuka. Neno moja kwenye faili, ulinzi wa aina tatu. Kwa hiyo kijana aliyejifunza faili peke yake na hawezi kusoma kilichotoka ni hatari kuliko yule anayeandika kwa mkono polepole, na hao vijana nshaanza kuwaona.

Halafu ruta za MikroTik. Zimejaa kila mtaa hapa, Nyali mpaka Changamwe, na kwenye orodha ya vifaa vya Capirca hazimo. Huwezi kumwambia mtu mwenye MikroTik moja akajifunze Python, lugha ya kompyuta iliyoandikiwa Capirca, kwa ajili yako. Na fundi akiamshwa usiku wa Idi akaingia kwenye ruta akaziba tundu kwa mkono, asubuhi matokeo ya faili yakipelekwa kwenye ruta yanafuta kazi yake, tundu linafunguka upya na hakuna anayejua, hapa nawapa haki yote.

Kwa hiyo mwenye kifaa kimoja simwambii aweke Capirca, namwambia aandike hata kwenye karatasi nani aliomba na lini mwisho. Mwenye aina tatu za vifaa na juu yake ana klaudi, huyo sioni anangoja nini.

Ile 3389 nayo nilirudi kwayo mwaka mmoja baadaye, sheria za ofisi ile zilipohamia kwenye faili. Nikamwambia meneja, hapa panatakiwa jina la mwenyewe, nikuandike wewe? Akakataa katakata, akasema weka tarehe ya karibu. Nikaweka mwezi mmoja. Siku ilipokufa simu niliilaza kando ya mto wa kulalia, kesho yake vilevile, wiki ikapita, hakuna aliyepiga.