Bomba Moja, Muuzaji Mmoja: Nani Amlinde Mnunuzi wa Joto?

Mombasa hatuna haja ya kupasha nyumba joto, lakini mpangaji wa ghorofa ambaye bawabu humsomea mita ndogo ya maji kila mwisho wa mwezi, kisha akamwandikia deni kwenye kipande cha karatasi, ataelewa upesi mzozo wa joto la mabomba huko Ulaya kaskazini. Kule mtambo mmoja huchemsha maji yanayopita chini ya barabara hadi majumbani, na aliyeunganishwa hana muuzaji wa pili. Nami nilipouliza kwa nini uniti yangu ni ghali kuliko ya jengo la jirani, niliambiwa asiyetaka ahame.

Denmark, ambako takriban theluthi mbili ya nyumba hutegemea joto hilo, iliamua kwa sheria ya mwaka 1979 kwamba bei ifidie gharama tu, bila faida. Ni kinga kubwa, ila kampuni ikijenga mtambo usiofaa, hasara nayo huhesabiwa kuwa gharama, na mteja ndiye anayeilipa. Sweden iliziachia kampuni bei mwaka 1996, kwa hoja kwamba joto la bomba hushindana na umeme na pampu za joto. Hoja hiyo ina uzito kwa anayejenga leo. Kwa mpangaji ambaye jengo lake limeshaunganishwa, ushindani ulikwisha siku mabomba yalipofukiwa. Sheria ya mwaka 2008 ilimpa mteja haki ya kujadiliana na kampuni, bila kuilazimisha ipunguze bei.

Kinachonitia hofu zaidi ni mfano wa Uholanzi, ambako kikomo cha bei kilifungamanishwa na bei ya gesi. Gesi ilipopanda mwaka 2021 na 2022, kikomo kilipanda nayo, hata pale joto lilipotokana na kuchoma taka.

Wawekezaji husema kweli kwamba mabomba hurudisha fedha baada ya miongo mingi, na bei ikibanwa mno hakuna atakayeyatandaza. Hata hivyo, kurudisha mtaji hakuhitaji kuficha hesabu. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya kupata taarifa, na bei za kampuni za maji huidhinishwa na WASREB, bodi ya serikali inayosimamia huduma za maji, lakini karatasi ya bawabu haina muhuri wa yeyote. Kabla ya kikomo chochote, ningetaka ionyeshe bei ya maji yalipoingia langoni, gharama ya kuyapandisha hadi kwenye tangi la juu, na kiasi anachobaki nacho mwenye nyumba.