Nyumba Nne

Mji wa Kale wa Mombasa una sheria zake za kukaa barazani, na hazikuandikwa popote. Mtu mzima aweza kukaa kutoka alasiri hadi adhana ya magharibi, anatafuna tambuu na kuangalia nani kapita na nani leo hakupita, wala hakuna wa kumuuliza kitu. Lakini ashike karatasi, anyamaze, atazame mahali pamoja tu. Kabla kahawa yake haijapoa, mtaa mzima ushajua ana jambo.

Mimi nilikuwa na jambo, na jambo lenyewe lilikuwa mlango.

Siku za kazi niko kwenye ofisi ya kliaringi karibu na bandari, kutwa nafukuzana na makaratasi ya makontena ya watu. Kuchora ndiko kunakonirudishia akili. Nilianza kwa kuchora watu, lakini watu hawatulii, na wakitulia wataka uwapunguze tumbo. Nikahamia mashua za Bandari ya Kale. Maji yakijaa zainuka, yakitoka zalala ubavu, mchoro ukabaki hauna kichwa wala miguu. Ngome ya Yesu nayo imetulia tangu Wareno walipoimaliza mwaka 1596, lakini ukikaa mbele yake na karatasi, dakika haziishi ushaulizwa na watalii choo kiko wapi.

Basi nikashika milango. Huu ninaousema uko kichochoroni, si mbali na msikiti wa Mandhry. Mfaa wake, ule mti wa katikati, umechongwa mawaridi kutoka juu hadi chini, na fremu imezungukwa na mnyororo wa mti, pete imeingia ndani ya pete mwenzake, wazunguka mlango mzima bila kukatika. Chini upande wa kushoto ndipo unapokatika. Hapo maji ya kudekia ya miaka na miaka yameula mti mpaka pakafanya ufa, kidole chaingia. Mlango wenyewe sikupata kuuona umefunguliwa hata siku moja. Wenye nyumba walikuwa wakipita ubavuni, kwenye kimlango cha jikoni.

Nachora kwa makaa ya jiko la mama. Nachagua yale membamba, yaliyoiva sawasawa, na mama alishanizoea, ingawa akiona gunia limepungua husema tu, "Haya, chora, na usiku tule karatasi." Cha kufutia ni boflo. Unamega kipande cha ndani, unakifinyanga kwenye vidole mpaka kilainike, halafu unakigusisha tu pale ulipokosea. Makaa yote yahamia kwenye mkate na karatasi yabaki salama. Kwa hiyo kila nilipokwenda, boflo langu lilikuwa pembeni.

Kumbe mtu aliyeko dirishani haoni kifutio. Aona kijana wa watu kakaa juani na boflo kavu, halina hata chai.

Siku ya kwanza ulitoka mkono kwenye kimlango cha jikoni, mkono peke yake, wenye hina mpaka kwenye viwiko, umeshika kibakuli cha mbaazi za nazi na mahamri juu yake. Nikashukuru, nikala. Siku nyengine ukatoka na viazi vya karai na chatini ya ukwaju. Mara nyengine samaki wa kupaka, nazi imegandia kwenye mapezi pale alipopigwa moto, nikamla nikasahau kuchora kabisa. Uso wa mwenye mkono sikuuona. Nasema "ahsante", mkono warudi ndani.

Yote haya yaliangaliwa na muuza kahawa. Yule bwana na dele lake la shaba hupita kila kichochoro akigonganisha vikombe, na pamoja na kahawa hugawa habari, na habari hazina bei. Khaloo wangu, dada yake mama, akaaye Kibokoni, ni mteja wake wa miaka.

Ijumaa baada ya swala sote hukutana kwa mama, Tudor. Hiyo ndiyo siku yangu ya wiki. Mkeka watandikwa sebuleni, sinia la biriani lashuka katikati, watu watano watano kwa sinia, na kila mtu ala mbele yake. Nyama ndiyo haina mipaka, husukumwa kwa vidole kumpelekea umpendaye. Mimi katika ukoo huu huletewa mfupa. Ijumaa ile paja zima la kuku lilinijia kutoka kwa khaloo, nikageuka, nikaona viazi viwili vimefika kutoka kwa shangazi. Nikajua tu wamesikia habari za uchoraji wangu na wameanza kuuthamini.

Ami akajisafisha koo. "Nasikia siku hizi huondoki kule mjini."

"Ndiyo, ami."

"Hiyo nyumba, waijua vizuri?"

"Naijua. Ya zamani, ya watu wenye asili yao. Siku hizi huzipati kama ile."

Mama akasema mashallah. Mimi nikafurahi, maana mama hajapata kusema mashallah juu ya mchoro wangu hata mmoja.

"Na moyo wako umetulia hapo?"

"Umetulia, ami, lakini sifanyi haraka. Nikimaliza hapa nina nyumba nyengine Ndia Kuu."

Khaloo alipaliwa. Shangazi akampiga mgongo. "Nyengine? Na hii hujaianza?"

"Hii nishaianza zamani, shangazi, imebaki kumalizia tu. Nataka zifike nyumba nne, inshallah. Nne ndizo zapendeza. Halafu niziweke zote ukuta mmoja, mtu akiingia azione kwa mpigo."

Sinia zima lilinyamaza. Binamu yangu alikuwa na kijiko cha achari njiani kwenda mdomoni, kikabaki hapo hapo. Ami alinitazama kwa muda, na katika macho yake niliona heshima ambayo tangu nizaliwe hakunipa. Akanisogezea nyama yake mwenyewe.

"Tuanze na moja," akasema.

Jumamosi yake ilikuwa ya matembezi. Kawaida yetu ni Lighthouse, pale Mama Ngina. Twala mihogo ya kukaanga iliyotiwa ndimu na pilipili, watoto wanywa madafu, wazee wahesabu meli ziingiazo Kilindini na kubishana iliyobeba magari ni ipi. Mama akaniambia, "Weye nenda kachore zako, sisi tutakupitia." Maneno hayo nilipaswa kuyatilia shaka, lakini nani hutilia shaka ruhusa?

Nilikuwa kwenye zile pete za chini, pale penye ufa, makaa yamenifika kwenye nyusi, nikasikia tuktuk mbili zazimwa mwisho wa kichochoro. Akateremka ami, kanzu ya Idi, koti na kofia ya vito. Akafuata mama kwenye buibui lake jipya, halafu shangazi, kisha khaloo na sinia limefunikwa kawa, na nyuma yake binamu yangu kakumbatia mkate wa sinia na kikapu cha halwa. Udi niliunusa kabla hawajafika.

Nikasimama kwa fahari, nikainua mchoro juu. "Karibuni! Hapa bado, lakini mnyororo waonekana, si ndiyo?"

"Shusha hicho," shangazi akasema bila kusimama. "Bwana harusi apake makaa usoni? Futa uso!" Akanitupia ncha ya leso yake.

Kabla sijauliza bwana harusi gani, ami alishabisha hodi. Na ule mlango wangu, ambao nilidhani haufunguki tena, ulilia bawaba zote na kufunguka bao mbili. Mfaa, mawaridi na mnyororo vyote vikaingia gizani, na mimi nikabaki na mchoro wa kitu kisichokuwepo.

Mwenye nyumba alikuwa bibi mfupi wa mwili, kavaa leso mbili, miwani imefungwa uzi. Tukamwamkia, akatukaribisha. Mikononi ana hina mpaka kwenye viwiko. Niliiona, lakini akili yangu ilikuwa bado mlangoni.

Tulipokwisha kukaa, ami akaanza. Kwa kusema ami ni fundi, hutumwa mpaka Kisauni kuposea watu wasio wake. "Bibi, sisi ni wapita njia. Tumepita, tukaona kwenu kuna ua, na kijana wetu amelipenda."

"Ua?" Bibi akageuka dirishani. "Lile la koponi? Chukueni! Limeshanichosha, paka walikojolea kila siku."

"Si hilo, bibi. Ua la ndani. Mtoto wa kike."

Bibi akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wajukuu zangu wako Lamu na Malindi, na wote wana waume zao. Humu niko mimi na dada yangu, na dada yangu hasikii." Akatutazama mmoja mmoja, akaishia kwangu. "Kwa hiyo asiye na mume mwenye masikio ni mimi. Na mimi sihamii Tudor. Mguu huu haupandi ngazi."

Mama alijifunika uso kwa buibui. Nje vikombe vya muuza kahawa vilikuwa vimeacha kugongana kabisa.

"Lakini bibi," khaloo akasema, sauti imekwisha, "si mwamlisha kila siku?"

"Namlisha, ndiyo! Si wa ile ofisi ya majengo ya kale? Nilimwona atazama ufa wangu na kuandika, nikasema alhamdulillahi, mwisho wamekuja." Ikambidi aeleze. Kule mjini ni eneo la hifadhi, mtu hagusi sura ya nje ya nyumba yake bila idhini, na bibi alitaka fundi wa kutengeneza mlango kabla haujamwangukia. Wale samaki wa kupaka walikuwa rushwa.

Aliyeanza kucheka ni dada yake, yule asiyesikia. Hatujui alicheka nini mpaka leo. Kisha bibi, kisha mama chini ya buibui, kisha nyumba nzima. Ami hakucheka. Kwa haya zilizomshika alinyosha mkono pembeni bila kuangalia, akaokota kitu, akakichovya kwenye kahawa na kukitia mdomoni. Lilikuwa boflo langu la kufutia, la wiki nzima. Akatafuna kwa heshima, akameza, akasema, "Kheri zote hutoka kwa Mungu," na meno yote ya mbele ni meusi tititi.

Kawa likainuliwa. Mlikuwa na kaimati, sambusa za nyama na katlesi, na bibi akaamuru pilau yake ya mchana ipashwe moto. Tulikula mpaka isha. Kisha akaomba kuuona mchoro. Akauweka karibu na miwani, akaufuata mnyororo kwa kidole, pete kwa pete, mpaka chini.

"Mbona umenitilia ufa?"

"Upo, bibi."

"Ofisi waweze kuuona, weka. Lakini nakala yangu ya ukutani utoe. Na fremu iwe ya mti, si ya plastiki."

Nakala yake nishampelekea, na barua ya kuomba idhini niliiandika mwenyewe, makaratasi ndiyo kazi yangu. Sasa naingia Ndia Kuu. Kuna nyumba pale yenye misumari ya shaba mlango mzima, na khaloo keshanipigia simu mara nyingi kuulizia mtaa wenyewe na wenye nyumba ni watu wa wapi, ajue mapema apike nini.