Kanga na Kuku Wasilale Banda Moja

Wafugaji wengi wa kanga na kware wana imani moja: ndege hawa asili yao ni porini, kwa hiyo hawaumwi. Kwa maoni yangu, imani hiyo inaua vifaranga kuliko kicheche.

Porini kanga hutembea kutwa, kinyesi chake akakiacha nyuma. Ukimfungia, anakula, analala na kunya pale pale. Kokisidia, kijidudu cha utumbo kinacholeta kuhara damu, akitoka na kinyesi huhitaji unyevu, joto na siku moja mbili hivi ndipo aweze kuambukiza, na maranda yaliyolowa kuzunguka chombo cha maji humpa vyote. Kabla hujakimbilia dukani kununua dawa ya kuhara damu, inua chombo, toa maranda mabichi. Kware ndiyo kabisa: wafuge juu ya waya, kinyesi kidondoke chini. Bakteria wanaowatoboa vidonda vya utumbo huacha mbegu sugu zinazodumu udongoni.

Ninapogombana na watu ni kwenye suala la kuku. Tumezoea kumwekea kuku mayai ya kanga ayaatamie, na sababu ipo: kanga ni mama mzembe, huwaburuta watoto kwenye umande mpaka wakafa kwa baridi. Sawa. Lakini kuku wa kienyeji mara nyingi ana minyoo midogo ya utumbo, na ndani ya mayai ya minyoo hiyo husafiri kijidudu cha histomona, kinachoshambulia utumbo na ini. Kuku hukibeba akiwa mzima wa afya. Kanga anaweza kuugua, na bata mzinga hufa kwa wingi. Mayai hayo ya minyoo hukaa ardhini miaka, nyungunyungu wakiyameza, kwa hiyo kumhamisha kuku baada ya vifo ni kuchelewa. Mpe kuku dawa ya minyoo kabla hajalalia, au tumia mashine ya kutotolea. (Kokisidia wa kuku, kwa bahati, hampati kanga, kila ndege ana wake.)

Halafu kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle. Mtu anachanja kuku wote, kanga anawaacha kwa kuwa "hao ni wa porini", ilhali kanga nao hupata kideri. Chanjo ya kideri iitwayo I-2, inayotengenezwa Tanzania, hustahimili joto kuliko nyingine nyingi: tone moja jichoni, ukirudia kila miezi mitatu au minne. Kumkamata kanga ni kazi, nakubali. Mfuate usiku akiwa amelala, umshike mwili mzima, maana miguu yake huumia upesi. Na hizo poda za antibiotiki zinazomwagwa kwenye maji kila ndege akijikunyata haziwezi kugusa kideri, kwani ni virusi.

Banda la pili, la kutenga kanga na kuku, ni gharama, najua. Hata uzio wa matete unatosha kuanzia. Ndege waliorudi kutoka mnadani bila kuuzwa nao wakae peke yao wiki mbili hadi nne, na uwahudumie mwisho, ukishamaliza wengine wote.