Kusafisha Mto Kinyasungwe: Kibali Kitaje Tope Linakwenda Wapi

Anayeishi Gulwe au Godegode, kando ya Mto Kinyasungwe mkoani Dodoma, ana haki ya kutaka kijiko, yaani mtambo wa kuchimba, kiingie mtoni kabla ya mvua za Desemba. Mto ukijaa mashapo, maji hutafuta njia nyingine, na jirani wa Kinyasungwe ni tuta la reli. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yaliharibu vibaya Reli ya Kati upande wa Kilosa.

Wanaolalamikia urasimu wa vibali vya kusafisha mto wana hoja nzito. Mchanga ni madini ya ujenzi, hivyo uko chini ya Tume ya Madini. Mto uko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mazingira yako chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kiangazi cha Dodoma huanza Mei na kuisha Novemba. Kibali kikichelewa miezi mitatu, karibu nusu ya muda wa kazi imepotea.

Lakini kulegeza masharti ya uchimbaji wenyewe ni hatari. Mito hii huhifadhi maji ya kiangazi ndani ya mchanga, na wafugaji huyafukua humo. Ukichimba shimo refu sehemu moja, mkondo huanza kula sakafu ya mto kuelekea juu hadi nguzo za daraja zibaki wazi. Kina kipimwe kabla na baada ya kazi, na mteremko wa sakafu ubaki mmoja.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, kasoro kubwa iko kwenye tope lililokwisha kutolewa. Mchanga mnene una wanunuzi. Tope laini halina mnunuzi. Meta za ujazo 10,000 zikichimbuliwa huvimba hadi takriban 12,500, yaani safari 1,250 za tipa la meta 10 za ujazo. Mkandarasi anayelipwa kwa ujazo aliochimba ataliacha ukingoni, kwa sababu dizeli ya safari hizo ni yake. Lundo hilo huzuia maji ya mashambani yasiingie mtoni, husukuma mafuriko ng'ambo, na mvua kubwa ya kwanza hulirudisha lilikotoka. Kwenye tawi lake la Kinyasungwe Ndogo, tope hilo huishia Bwawa la Hombolo, lililojengwa 1957 na ambalo tayari limepoteza kina kingi kwa mashapo.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia, ndani ya meta 60 kutoka ukingoni, shughuli za kudumu au zinazoathiri mazingira. Wapo wanaokitumia kupinga hata usafishaji wa muda. Sisi tunaona kinafaa zaidi kulenga malundo.

Basi eneo la kumwaga litajwe ndani ya kibali, likubaliwe na mkutano mkuu wa kijiji, liwe nje ya meta 60 na mbali na korongo. Tope likauke kwanza, litandazwe kwa tabaka za sentimeta 30 na kushindiliwa, kingo zilale kwa mteremko wa 1:3 (meta moja kwenda juu kwa kila tatu za upana), mfereji uzunguke, nyasi zipandwe. Likipelekwa shambani, chumvi ipimwe. Likitoka kwenye mifereji ya mjini, mafuta na metali nzito pia.

Malipo ya kuchimba na ya kumwaga yatenganishwe, na sehemu ya pili izuiliwe hadi eneo likaguliwe baada ya masika. Wanakijiji wanaozibua kalavati kwa majembe wasidaiwe makaratasi haya. Idhini ya bodi ya bonde inawatosha.